Maneno ya Vyakula vya Sikukuu Katika Nchi ya Karagwe

Katika makala haya nakusudia kueleza maneno machache yatajayo vyakula na vinywaji vya sikukuu miongoni mwa Wanyambo wa Karagwe, katika mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi ya Tanzania, na kuonyesha ya kuwa maana ya maneno hayo haipatikani kwa kutaja tu kitu kilichomo chunguni. Mtunga kamusi akiulizwa rubisi ni nini, atajibu: ni pombe ya ndizi. Akiulizwa senene, atajibu: ni mdudu wa jamii ya panzi, huliwa. Majibu hayo si ya uongo, lakini ni kama majibu ya mtu aulizwaye mahari ni nini, naye akasema ni ng'ombe au fedha. Nadai ya kuwa maneno ya chakula cha sikukuu, walau katika nchi hii, yatawaliwa na kitenzi kimoja, nacho ni kitenzi cha kugawa. Na kwamba kamusi isiyosema nani humpa nani, na kwa utaratibu gani, imetaja ganda ikaacha tunda.

Maelezo yangu yametoka hasa Igurwa, ambako nilizungumza na wazee wa kike na wa kiume kwa nyakati mbalimbali. Wilaya ya Karagwe ya zamani ilimegwa mwaka 2012, na sehemu yake moja ikawa wilaya ya Kyerwa. Lakini kwa mambo ya chungu na kibuyu mpaka huo haujulikani. Lugha yao, Kinyambo, iliwekwa na Guthrie katika mwaka 1948 chini ya alama E.21, jirani kabisa na Kihaya chenye alama E.22, na wanaisimu wa siku hizi huziweka zote mbili katika kundi la Rutara, pamoja na Kinyoro, Kinyankole, Kizinza na nyinginezo. Wasomaji wa jarida hili watakuwa wanaujua msamiati na sarufi ya Kinyambo iliyotolewa na Josephat Rugemalira, na kamusi ya Kihaya ya Henry Muzale. Kazi hizo zimeniondolea taabu nyingi, nami sikusudii kuzirudia. Nitaandika maneno bila alama za toni.

Tuanze na mgomba, maana kila jambo katika nchi hii huanzia hapo. Nyumba ya Mnyambo imo ndani ya ekibanja, yaani shamba la migomba lililochanganywa na mibuni, na aghalabu humo humo yamo makaburi ya waliotangulia. Neno hilo ni ndugu wa kiwanja na uwanja katika Kiswahili. B ya lugha za Rutara imelingana na w yetu, kama vile okugaba ilivyolingana na kugawa. Lakini tazama jinsi ndugu hawa walivyoachana. Kiwanja cha Kiswahili ni mahali patupu, pangojeapo nyumba au pachezewapo mpira. Ekibanja ni mahali palipojaa: migomba, mibuni, watu walio hai na watu waliokufa. Mtu atokaye Dar es Salaam mwezi wa Desemba ili ale sikukuu kwao husema arudi kibanjani, wala hasemi arudi kijijini. Na chakula atakachopewa siku hiyo chapaswa kutoka katika ardhi hiyo, hata kama mfukoni mwake anazo fedha za kununua kingine.

Sasa, Kiswahili cha masoko yetu huziita ndizi kwa umbo lake, au kwa utamu wake, au kwa mahali zitokako: mkono wa tembo, mzuzu, kisukari, ndizi Bukoba. Kinyambo kina majina ya namna hiyo pia, tena mengi sana, jina kwa kila aina ya mgomba. Lakini juu ya majina hayo yako makundi makubwa, nayo yamepangwa kwa kazi. Ziko ebitooke, ndizi za kupikwa, ambazo ndizo chakula chenyewe, na vinginevyo vyote ni vitoweo. Ziko embiire, ndizi za kukamuliwa pombe. Ziko enkonjwa, ndizi za kuchomwa. Na ziko ndogo tamu za kuliwa mbivu, ambazo watu wazima huzitaja bila heshima kubwa, kwa kuwa ni mambo ya watoto.

Mgeni akitazama mkungu wa embiire na mkungu wa ebitooke huenda asione tofauti. Mwenyeji huiona kutoka barabarani. Nilimwuliza bibi mmoja wa Igurwa kama embiire zaweza kupikwa zikaliwa. Akanitazama kwa huruma. "Zaweza, mwanangu," akasema, "lakini usimpe mgeni." Kwa upande mmoja sababu imo katika ulimi: embiire ina ukakasi. Kwa upande mwingine sababu imo katika jamii. Anayempa mgeni embiire iliyochemshwa ametangaza mambo mawili kwa pamoja, ya kuwa ana njaa, na ya kuwa hatakuwa na kitu cha kumnywesha mtu kwa siku nyingi zijazo. Kwa hiyo embiire si ndizi mbaya ya kupikwa. Ni ndizi iliyokwisha kuahidiwa wengine.

Hapa sina budi kuingiza neno juu ya safari za maneno, ingawa si kiini cha habari. Mnyambo asema ekitooke, na kwa wingi ebitooke, katika ngeli ya ki- na bi-. Mganda asema amatooke, katika ngeli ya ma-. Kiswahili kilipolichukua neno hili kilichukua umbo la Kiganda, matoke, wala hakikuchukua umbo la raia wa Tanzania. Basi mtu wa Karagwe asemapo nyumbani ebitooke, na akienda hotelini Mwanza akaagiza matoke, amevuka mpaka wa nchi mara mbili bila kuondoka kitini. Nao Waganda, kwa upande wao, wana ndiizi, yaani ndizi ndogo tamu. Yaelekea wamelipata kwetu. Neno letu lililokuwa la jumla limekuwa kwao la kitu kimoja tu, tena kile kidogo. Kila lugha imempa mwenziwe neno, na kila moja imeipokea zawadi kwa namna yake.

Siku ya sikukuu ebitooke humenywa mapema, nayo ni kazi ya wanawake, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba na kupikwa polepole. Jani si kifuniko tu. Ni sahani, ni kitambaa cha meza, na mvuke wake huingia katika chakula. Mtu aliyezoea harufu hiyo huona matoke ya sufuria yenye mfuniko wa bati kuwa yamekosa kitu. Watu wengi wa dunia hufunga chakula cha sikukuu katika majani, na yafaa tutazame mfano mmoja wa mbali, kwa kuwa hutupa kipimo. Huko Vietnam, katika sikukuu ya mwaka mpya iitwayo Tết, hutengenezwa andazi la mchele wa kunata, ndani yake mna choroko na nyama ya nguruwe, nalo hufungwa katika majani mapana na kuchemshwa kwa saa nyingi, pengine usiku kucha. Jina lake ni bánh chưng. Hekaya yao yasema ya kuwa mfalme mmoja wa nasaba ya Hùng aliwataka wanawe wamletee chakula kilicho bora kuliko vyote. Wengine wakaleta vitu vya thamani vya baharini na milimani, bali Lang Liêu, aliyekuwa maskini, akaleta andazi la mraba kuwa mfano wa ardhi na andazi la mviringo kuwa mfano wa mbingu, akarithishwa ufalme.

Wanaoandika juu ya desturi hupenda mifano ya namna hii, kwa kuwa maana yake imekwisha kusemwa: mraba ni ardhi, mviringo ni mbingu, kazi imekwisha. Wakija Karagwe huuliza, "Na matoke ni mfano wa nini?" Hawapati jibu, wakarudi wakaandika ya kuwa chakula cha huku hakina maana ya ndani. Kosa limo katika swali. Hata katika hekaya ya Lang Liêu andazi halikushinda kwa umbo lake peke yake. Lilishinda kwa kuwa mwana alimpelekea baba, naye baba akaonja na kukubali. Maana ilipita mikononi kabla ya kukaa katika umbo. Karagwe wameibakiza mikononi.

Kitenzi nilichokitaja hapo mwanzo ndicho kitakachotuongoza. Shina la Kibantu cha kale *-gab- limetupa sisi kugawa. Katika lugha za Rutara limetoa okugaba, kutoa au kugawa, na kutokana nalo okugabura, yaani kumwandalia mtu chakula na kumpa sehemu yake. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha maana hii. Tuna kupakua, ambacho ni kazi ya mkono na mwiko. Tuna kuandaa, ambacho ni kazi ya meza. Tuna kukaribisha, ambacho ni kazi ya mdomo. Okugabura yashika zote tatu, na kuongeza jambo la nne, ya kuwa mgawaji anajua sehemu ya kila mtu kabla hajagusa chungu. Mtu anayejua kupika asiyejua okugabura, kwa wazee hawa, hajajua kitu.

Kwa rubisi jambo hili laonekana wazi kabisa. Embiire zilizokomaa huvundikwa mpaka zive, kisha hutiwa katika hori la mti lililochongwa kwa umbo la mtumbwi, nalo kwa lugha yao huitwa kwa neno lile lile la mtumbwi, obwato. Wanaume huzikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi, mpaka maji matamu yatoke. Maji hayo huchujwa, huchanganywa na maji ya kawaida, na hutiwa mtama uliokaangwa na kupondwa. Hori hufunikwa majani ya mgomba, na baada ya siku moja au mbili pombe iko tayari. Haiwekeki. Jambo hili wataalamu wa chakula hulihesabu kuwa upungufu, lakini ndilo lililoifanya rubisi kuwa kinywaji cha watu wengi: mwenye hori lililojaa hana njia ya kuficha mali yake mpaka wiki ijayo. Lazima awaite watu, na awaite leo.

Wanapokuja, haiwi kila mtu kuchota apendavyo. Mwenye nyumba huonja kwanza, mbele ya macho ya watu, ili ijulikane ya kuwa hamna baya. Zamani sehemu ya kwanza ilikuwa ya mtawala, na sehemu nyingine ilimwagwa kwa ajili ya waliotangulia. Utawala wa machifu ulifutwa katika nchi yetu mwaka 1963, na makanisa yamesema yao juu ya kumwaga pombe makaburini. Hata hivyo mahali pa sehemu ya kwanza hapakubaki wazi. Huenda ikapewa mzee wa ukoo, huenda ikapewa baba mkwe, na siku hizi huenda ikapewa yule aitwaye mgeni rasmi, ambaye pengine ni kijana asiyejua kwa nini kibuyu kimesimama mbele yake. Utaratibu waweza kuishi kuliko aliyeuweka.

Msomaji aliye mtaalamu atapenda kujua ya kuwa jina la jumla la pombe katika Kinyambo si orubisi bali ni amarwa, katika ngeli ya ma- ambamo vitu vya majimaji hukaa kwa wingi. Shina hilo ni la zamani na limeenea mno: Wasukuma wana walwa, Wabemba wana ubwalwa, Watswana wana bojalwa, na Wazulu wana utshwala. Kutoka Karagwe mpaka Natal ni neno moja. Kiswahili hakikulipokea kutoka kwa majirani hawa, kwa kuwa mahali pake pameshikwa na pombe. Lakini kwa pombe ya ndizi palikuwa wazi, na hapo ndipo rubisi ilipoingia. Iliingia kwa kuvuliwa irabu ya mwanzo, na ile ru-, ambayo kwao ni kiambishi cha ngeli, kwetu imeshikamana na shina, hata twasema rubisi hii, rubisi yangu, kama twasemavyo kahawa hii. Hivyo neno limekuja bila ngeli yake. Lililo zito zaidi ni kwamba limekuja bila watu wake.

Kuna ushahidi wa kale juu ya utaratibu huu wa kugawa, nao umeandikwa na mtu asiyekuwa akiutafuta. John Hanning Speke alifika Karagwe mwezi wa Novemba 1861, akapokelewa na Omukama Rumanyika, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1863. Kwa Kiswahili habari hii yatuhusu, kwa kuwa wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuweka kituo chao huko Kafuro, na lugha yetu ndiyo iliyokuwa ikifungua milango. Speke alilalamika ya kuwa tangu kuingia Karagwe hakupata hata tone la maziwa, wala kwa urafiki wala kwa malipo. Sababu aliyoelezwa ni kwamba mtu aliyekula nguruwe, samaki, kuku, au maharagwe, kisha akaonja maziwa ya Wahima, atawaangamiza ng'ombe wao. Katika maandishi yake ameliacha neno letu kama alivyolisikia, maharagwe; na kwa wenyeji wa leo maharagwe ni ebihimba, kitoweo cha kila siku cha matoke, kisichomtisha ng'ombe yeyote. (Mlio wa Karagwe na maharagwe umewafurahisha wengi; kufanana kwa sauti peke yake hakuthibitishi nasaba.)

Rumanyika alifanya nini? Hakubishana na desturi wala hakuifuta. Alisema ya kuwa ni watu maskini waaminio hivyo, akamtengea mgeni ng'ombe wa kukamuliwa kwa ajili yake. Na ilipofika tarehe 25 Desemba, baada ya kusikia ya kuwa Waingereza siku hiyo hula nyama ya ng'ombe kwa wingi, alimpelekea Speke ng'ombe. Kwa maandishi, basi, Krismasi ya kwanza ijulikanayo ya Karagwe iliandaliwa na mfalme asiyekuwa Mkristo. Wanahistoria huipita habari hii kama kichekesho. Mimi naona ni okugabura kamili: aliuliza sehemu ya mgeni ni ipi, akampa sehemu hiyo, wala hakumpa iliyo ya mwingine. Speke aliona ng'ombe. Hakuona ya kuwa amewekwa mahali pake.

Sasa nije kwa senene. Mdudu huyu, ambaye wataalamu wa wadudu humwita Ruspolia differens, hutokea kwa makundi makubwa wakati wa mvua, hasa Novemba na Desemba. Waganda wameuita mwezi wa Novemba kwa jina lake, Museenene. Wahaya humwita enshenene; Kiswahili kimechukua umbo lenye s. Zamani aliokotwa alfajiri majanini, kabla jua halijampa nguvu za kuruka. Siku hizi huvutwa usiku kwa taa kali za umeme, akigonga mabati na kutumbukia katika mapipa. Hunyonyolewa mabawa na miguu, na hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe na chumvi, au hukaushwa ili akae.

Desturi iliyojulikana Buhaya na Buganda ilikuwa hivi: waokotaji walikuwa wanawake na watoto, lakini waliokula walikuwa wanaume. Mke alimletea mumewe senene, naye mume alipaswa kumlipa kwa nguo. Wapo wasomao habari hii wakaona dhuluma tu, nami siwapingi. Mwenye kuamka alfajiri kwenye umande akanyimwa alichookota ana haki ya kunung'unika, na wanawake wa leo wamekwisha kuimaliza hoja hiyo kwa kula. Lakini mtunga kamusi hapaswi kuhukumu tu, apaswa pia kueleza. Katika utaratibu huo senene hakuwa kitoweo kilichopatikana porini. Alikuwa deni lililotengenezwa kwa mikono, na nguo ilikuwa jibu lake. Tena huko Buganda uko ukoo uitwao Nsenene, nao hawamli kabisa, kwa kuwa ni mwiko wao. Tazama basi: kwa mume wa zamani senene ni zawadi yenye deni, kwa mke ni kazi yenye malipo, kwa mtu wa ukoo huo ni ndugu. Fasili ya "mdudu aliwaye" yawatosha wangapi kati ya hao?

Na thamani hiyo haijafa, imebadili njia. Wakati wa msimu vifurushi vya senene hupanda mabasi kwenda Mwanza na Dar es Salaam, na wengine huvuka bahari. Kopo lililonifikia ng'ambo nilikokuwa nikisomea shahada yangu halikuwa chakula; lilikuwa barua, na kila aliyelionja alikuwa amesomewa sehemu yake.

Juu ya kahawa nitasema kwa ufupi, maana wengine wameiandika vizuri, hasa Brad Weiss katika vitabu vyake juu ya Wahaya. Kiswahili kimepata kahawa kutoka Kiarabu, na neno limekuja pamoja na kikombe. Katika Kagera mbuni ulijulikana kabla ya ukoloni, na tunda lake halikunywewa bali lilitafunwa: huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, likaanikwa, na mgeni huletewa kabla mazungumzo hayajaanza. Katika tunda moja mna mbegu mbili zilizolaliana. Kwa sababu hiyo lilitumika katika omukago, yaani udugu wa kuchanjana: kila mmoja alipokea mbegu kutoka kwa mwenzake yenye damu yake, akaimeza. Hapa, kwa mara moja, yule mwandishi atafutaye mifano atapata mfano wake. Hata hivyo mbegu mbili zilizobaki mkononi si udugu. Udugu ni kupeana.

Haya yote yangeweza kungoja, kama si jambo moja. Mwaka 2006 ilithibitishwa ya kuwa mnyauko wa migomba umeingia Kagera, baada ya kuonekana Uganda na Kongo mwaka 2001. Ni ugonjwa wa bakteria. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, wala hauna dawa. Mkulima hushauriwa kung'oa mgomba ulioambukizwa, kusafisha panga lake kwa moto au dawa, na kukata ua la dume mapema kwa kijiti chenye panda, kwa kuwa wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua hata ua. Sasa, iko migomba ya pombe ambayo ua lake huwavuta wadudu hao kuliko migomba mingine, nayo ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa ugonjwa. Kwa maneno mengine, mnyauko haukushambulia chakula cha Karagwe kwa usawa. Ulianza na kile kilichokuwa cha kugawa.

Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1997 na 2002, mradi wa maendeleo ya jamii ya Kagera ulikuwa umegawa miche ya migomba mipya kwa wakulima waliokuwa wamesumbuliwa na wadudu wa mizizi na uchovu wa ardhi. Miongoni mwake ilikuwamo ile yenye herufi na namba badala ya jina, FHIA-17 na FHIA-23, iliyotokana na kituo cha utafiti cha Honduras. Ilikuwa msaada wa kweli, na mikungu yake ni mikubwa ajabu. Lakini kwa mwanaisimu ilikuwa pia jaribio ambalo hakuna awezaye kulipanga: ndizi isiyo na kundi. Niliutazama mkungu mmoja wa namna hiyo pamoja na yule bibi wa Igurwa, nikamwuliza kama ni ekitooke au ni embiire. Akafikiri kidogo. "Hiyo ni ya sokoni," akasema. Alikuwa amefungua kundi la tano, na kwa mujibu wa mfumo wake hakukosea: ni ndizi ambayo sehemu yake haijulikani ni ya nani mpaka mnunuzi atokee.

Na sokoni ndiko utokako wali, ambao siku hizi umeketi katika kila sikukuu ya nchi yetu, Krismasi na Idi, harusi na ubatizo. Sina ugomvi nao. Nasema tu ya kuwa wali hunena jambo jingine, ya kuwa mwenye nyumba amenunua. Na katika vyumba vingi vya Igurwa sahani ya wali na jani la matoke huwekwa pamoja, kila kimoja kikitoa habari yake.

Kwa hiyo napendekeza kwa wenzangu wa kamusi ya kwamba maneno ya namna hii yasikusanywe kwa kumwonyesha mtu kitu na kumwuliza jina lake. Yaulizwe kwa kitenzi: nani huleta, nani huonja kwanza, nani hapewi, nani akinyimwa hukasirika na huenda kushtaki wapi. Kidahizo cha rubisi, kwa mfano, kingeweza kuandikwa hivi: pombe ya ndizi aina ya embiire na mtama, isiyowekeka, ikamuliwayo na wanaume, huonjwa kwanza na mwenye nyumba, na sehemu ya kwanza hupewa mkubwa aliyepo. Ni maneno machache zaidi ya ishirini. Karatasi haitamalizika kwa hayo.

Orodha ninayoikusanya sasa ina safu za kawaida, yaani neno, ngeli, wingi, maana, na nimeongeza safu ya mpaji na mpokeaji. Wazee wa Igurwa waliniomba niongeze nyingine, ambayo sikuwa nimeifikiria. Walikuwa wakinitajia majina ya migomba ya embiire, moja baada ya jingine, kwa haraka kuliko nilivyoweza kuandika, na baada ya baadhi yake wakanyamaza kidogo, wakasema niandike mbele ya jina hilo ya kuwa mgomba wenyewe haupo tena.